Kwa Nini Kavata Alimwaga Damu ya Mume Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Nairobi, Jumanne tarehe 10 Machi 2026, saa tatu asubuhi, mbele ya Koplo Maxwell Wafula.

Jina: Peres Awino Oduor
Umri: Miaka 41
Kazi: Fundi wa mapazia
Makazi: Dagoretti Corner, Nairobi
Uhusiano na mshukiwa: Hakuna. (Shahidi ameomba iandikwe kwamba hampendi.)

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja hapa kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Nimekuja kwa sababu ya Kavata Nzuki, mfanyakazi wa kituo cha damu kiitwacho Hazina, kilichoko katikati ya jiji. Amelala katika seli yenu tangu jana akidaiwa kumwaga mfuko wa damu wa mgonjwa kwa ajili ya wivu wa mapenzi. Nimesikia leo mchana mnampeleka kortini. Akifika huko kazi yake imekwisha, maana hakuna hospitali itakayomchukua mtu aliyemwaga damu ya mgonjwa kwa hasira. Afande, Kavata hakuimwaga kwa hasira. Mwenye wivu katika kesi hii ni mimi.

Umesema nianze mwanzo, kwa hivyo naanza na mume wangu. Anaitwa Zedekiah Oduor, anatengeneza viti vya sebuleni kando ya Ngong Road. Tumeoana miaka kumi na sita. Ni mwanamume wa kupendeza, na hilo nalisema nikiwa nimemkasirikia. Anaimba besi katika kwaya ya kanisa letu, na akiimba kina mama wa safu ya mbele wanafunga macho, eti ni Roho. Mwanamke akimletea kiti kimoja tu kivishwe kitambaa kipya, anakaa pale nusu siku akichagua rangi. Mimi huona. Duka langu liko ng'ambo ya barabara mkabala na karakana yake, na sikulipangisha hapo kwa bahati.

Kanisani kwetu kuna Mwalimu Hannah Muigai, anayefundisha watoto Jumapili. Ana saratani ya damu, na dawa anazopewa zimemmaliza plateleti, zile chembe zinazofanya damu igande. Akipiga mswaki tu fizi zinavuja mpaka anabadilisha nguo. Kwetu mtu akihitaji damu hatumwachii hospitali peke yake. Pasta alitangaza, na Jumamosi tarehe 7 Machi kwaya nzima tukaenda Hazina pamoja na Ndegwa, kaka yake Hannah. Tulipimwa pale, na Zedekiah ndiye aliyeonekana kufaa kuliko wote, kundi la damu linaafikiana na mishipa imesimama. Kwaya ilimpigia makofi hapo hapo. Kila mtu akajua kwamba mfuko wa Hannah ni wa Zedekiah.

Naomba hilo uliandike vizuri, kwa sababu ndilo lililomfunga Kavata mdomo.

Aliyetupokea ni huyo Kavata. Ni msichana mwembamba, mwenye mwanya, na ana namna ya kumwinamia mtu anapozungumza naye. Alitukusanya akatueleza jinsi wanavyozuia virusi visimfikie mgonjwa. Alisema damu inapimwa, lakini virusi vikiwa ndiyo vimeingia mwilini juzi juzi, kipimo kinaweza kusema havipo na kumbe vipo. Baada ya kupimwa, mfuko unatiwa dawa halafu unawekwa kwenye mashine yenye taa, na ile taa inaua vingi, si vyote. Mtu mmoja wa kwaya akauliza, sasa kinga yenyewe ni gani? Kavata akasema, "Kinga ya kwanza ni mdomo wako. Mkiingia kwa chumba cha maswali mniambie ukweli, mimi sitamwambia mtu." Alisema hivyo akitabasamu, na nilimwona Zedekiah naye anatabasamu.

Zamu ya Zedekiah ilipofika nilisimama nikaingia naye. Kavata akaniambia, "Mama, huku anaingia mchangiaji peke yake. Naomba utupishe kidogo."

Nikamwuliza, "Niwapishe muende wapi?"

Akasema ni utaratibu. Nikamwambia mume wangu hana siri na mimi, tena hicho chumba kina mlango unaofungwa, na mimi si mtoto. Nikavuta kiti nikakaa. Zedekiah akacheka, akasema, "Mwache tu akae, daktari, huyu mnaweza mkagombana mpaka jioni." Nje watu walikuwa wengi na Ndegwa alishakuja mlangoni mara mbili kuuliza kama bado. Kavata akashindwa, akaanza kuuliza. Alimwuliza magonjwa, safari, sindano. Kisha akamwuliza kama katika miezi ya karibuni amekuwa na mwanamke mwingine mbali na mkewe.

Zedekiah alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshamtazama kitambo. Akasema, "Hapana, daktari. Mimi ni mtu wa Mungu."

Moyo wangu ulijaa furaha. Nilimwangalia yule msichana kama kumwambia, umesikia? Yeye hakuandika mara moja. Alishikilia kalamu, akasema sheria inamtaka amwulize tena akiwa peke yake. Nikamwambia ameshajibiwa. Sikutoka.

Alipomaliza kutolewa damu tulimkuta kwenye meza ya soda na biskuti. Nilienda chooni kidogo tu. Niliporudi nilimkuta Kavata amemwinamia Zedekiah, anamsomea namba ya simu, naye Zedekiah anaiingiza kwenye simu yake. Aki afande, wivu ulinishika. Wachangiaji wengine walielekezwa namba ya ofisi iliyobandikwa ukutani, kwamba mtu akikumbuka jambo nyumbani apige, aseme tu damu yake isitumike, na hataulizwa sababu. Mbona mume wangu peke yake anapewa ya mkononi? Nilinyamaza kwa sababu ya kwaya. Nyumbani alipoingia kuoga nilitazama simu, nikaona ameandika "Kavata Damu". Nilirudisha simu mahali pake nikakaanga mayai mpaka yakaungua.

Jumapili baada ya ibada Hannah alituma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha kwaya. Alisema kesho anatiwa damu ya Ndugu Zedekiah, na kwamba akipona atakuja kukaa safu ya mbele asikie mwenye damu yake akiimba. Watu walijibu amina nyingi. Zedekiah alizima simu. Wakati wa chakula akaniuliza, "Peres, ile taa yao si inaua kila kitu?" Nikamjibu, "Kwani umeanza kumuota huyo msichana hata mezani?" Wakati huo nilidhani nimempata.

Mnamo Jumatatu tarehe 9 Machi, yapata saa nne asubuhi, nilivuka barabara kumpelekea chai kama kawaida. Sikumkuta kwenye viti. Nilisikia sauti yake nyuma ya magodoro ya sponji aliyoyapanga mpaka karibu na paa. Alikuwa anaongea kwa simu, polepole. Nilisimama nikasikiliza, na maneno niliyoyasikia ni haya, sijapunguza wala kuongeza: "Kavata, ni mimi, Oduor wa Jumamosi. Nilipiga asubuhi hukushika. Ile kitu yangu usimpe Hannah. Hapana, usimpe mtu yeyote. Tafadhali usiniulize." Akanyamaza akisikiliza. Kisha akasema, "Sawa. Ndiyo, nitamleta na yeye. Asante, Mungu akubariki sana."

Nilimwaga ile chai pale pale. Yaani unambariki! Na nani huyo unayempelekea "na yeye"? Roho ilinichemka hata sikumpitia kumwuliza. Nilipanda bodaboda, nikamwambia yule kijana anipeleke mjini, na njia nzima nilikuwa napanga vidole vyangu vitaanzia wapi kwenye uso wa Kavata.

Nilipoingia Hazina, Ndegwa alikuwa kwenye kaunta amepokea kisanduku cha kubebea damu, anataka kuondoka. Mlango wa ndani ukafunguka, Kavata akatoka mbio na glavu mikononi. Baadaye nimeelezwa kwamba alikuwa ameutafuta ule mfuko kwenye mashine inayotikisa plateleti asiuone, kumbe mwenzake amekwisha kuutoa. Alimwambia Ndegwa, "Samahani, huu hautumiki, nipe." Ndegwa akakataa. Wakavutana. Kavata akafungua kisanduku, akautoa mfuko, akaukata kwa mkasi juu ya ndoo yenye mfuko mwekundu wa taka. Kilichomwagika hakikuwa chekundu, kilikuwa cha manjano kama mchuzi wa kuku. Mwanzoni sikujua kwamba ndiyo damu ya mume wangu, maana plateleti zikiwa peke yake sikuwahi kuziona.

Ndegwa alipiga yowe. Alisema dada yake anavuja damu kitandani na huyu anamwaga. Mkubwa wa zamu, Bwana Mwau, akatoka ofisini, akamwuliza Kavata mbele ya watu wote, "Huo mfuko umepimwa, umepita chini ya taa, mimi mwenyewe nimeupitisha. Umeumwaga kwa nini?"

Kavata akasema, "Haufai kutumika. Sababu siwezi kuitaja hapa."

Hapo ndipo nilipoingilia. Nilipaza sauti, na waliokuwepo watakuthibitishia. Nilisema, "Sababu naijua mimi! Huyu anaongea na mume wangu kwa simu! Mume wangu ndiye Zedekiah, mwenye hiyo damu! Wamegombana wapenzi hawa, sasa anamalizia hasira kwa mgonjwa!"

Kavata aligeuka akaniangalia. Afande, nimeangaliwa na wanawake wengi walionionea haya, na wengine waliotaka kunipiga, lakini huyo hakuwa hivyo. Alikuwa ananionea huruma, nami nikazidi kuwaka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nenda nyumbani, tafadhali. Usiseme zaidi." Nikamwambia nitasema mpaka nichoke.

Ndegwa ndiye aliyepiga simu hapa. Maofisa wenu walipofika walichukua simu ya Kavata, wakaona kweli Zedekiah amempigia asubuhi hiyo. Bwana Mwau akasema mchangiaji anayetaka damu yake isitumike hupiga namba ya ofisi, na kwenye namba ya ofisi hakukuwa na simu yoyote. Kisha ofisa mmoja akampigia mume wangu, akaweka spika tukisikia sote. Akamwuliza simu ya asubuhi ilikuwa ya nini. Zedekiah akasema, "Aah, nilikuwa namsalimia tu."

Kavata alisikia hayo kwa masikio yake. Neno moja tu lingemtoa pale. Hakulisema. Aliweka mikono mbele wakamfunga pingu na glavu bado amezivaa. Nami nilikuwa na raha, nasema ukweli. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi kwenye ngazi.

Jioni nilipika samaki ili nile vizuri nikimwambia yote. Zedekiah hakugusa chakula. Nilipofika pale pa pingu alisukuma sahani akafunika uso. Akasema, "Peres, huyo msichana hajawahi kunigusa. Alinipa namba kwa sababu wewe ulikuwa umekaa kwa kile chumba." Nikamwuliza maana yake. Akasema, "Aliona nadanganya. Aliniambia, mzee, kama kuna kitu umeshindwa kusema mbele ya mama, nipigie mimi mwenyewe, usiende na hiyo kitu nyumbani."

Ndipo akaniambia kuna mwanamke mtaa wa Loresho. Alileta viti kabla ya Krismasi, Zedekiah akaenda kuvifunga nyumbani kwake, akarudi tena, na tena. Hajui huyo mama ana mtu mwingine au hana, na hawakuwahi kujikinga. Jina lake hakunitajia, wala sikuhitaji, maana viti hivyo niliviona vikishushwa, na hiyo nyumba naijua. Mapazia ya sebule hiyo niliyashona mimi, yale mazito ya kijani yenye bitana, na nilifurahi yalivyofunga vizuri hata mchana mtu asione ndani.

Umeniuliza kama nilimpiga. Sikumpiga. Nilimwuliza ni nani huyo aliyeahidi kumpeleka na yeye. Akasema, "Ni wewe. Kavata aliniambia nisije kupimwa peke yangu, nije na mke wangu, kwa sababu na wewe uko hatarini." Woi! Hicho ndicho kilichoniumiza kuliko Loresho. Nilikuwa njiani naenda kumrarua uso, naye alikuwa ameshanifikiria, kabla ya mume wangu kunifikiria.

Nilimwambia Zedekiah avae koti tuje hapa aseme. Alikataa. Alisema yeye ni kiongozi wa sauti ya besi, Ndegwa ni mzee wa kanisa, na kila mtu anajua ule mfuko ulikuwa wa nani. Akitamka neno moja, Jumapili hatapata pa kusimama. Akasema Kavata ataachiliwa tu, hawana ushahidi. Nikamwambia ushahidi wanao, wewe uliwapa kwa spika. Akasema, "Basi tumwachie Mungu." Leo asubuhi nimemwacha amelala upande wa ukutani, amejifunika shuka mpaka kichwani, anajifanya hasikii nikivaa viatu.

Hannah yuko hai. Alipata mfuko wa mtu mwingine jana hiyo hiyo jioni, nimepiga simu ya wadi nikauliza. Muuguzi aliniambia mgonjwa amekunywa uji. Sijui hali ingekuwaje kama angetiwa ule wa mume wangu. Huenda isingekuwa kitu, huenda taa ingefanya kazi yake. Mimi ni fundi wa mapazia, siwezi kusema. Ninachoweza kusema ni kwamba Kavata hakuibahatisha roho ya Hannah.

Koplo ameniuliza kama nina hakika ya maneno niliyoyasikia nyuma ya magodoro. Ninayo hakika. Mke aliyeingiwa na wivu hasahau neno. Nimeulizwa pia kama nimelazimishwa au kuahidiwa chochote. Hapana. Wala sijaja kwa sababu nimempenda Kavata. Simpendi. Mume wangu alimwambia msichana wa watu asiyemjua, kwa simu, jambo ambalo mimi mkewe nililala nalo kitanda kimoja bila kuambiwa. Nimekaa kwenye benchi lenu nje hapo nikajaribu kumsamehe kwa hilo, na nimeshindwa. Lakini pingu si zake.

Najua maelezo haya yatasomwa na Ndegwa, na akiyasoma Ndegwa yatafika kanisani kabla ya Jumapili. Najua watanitazama mimi kuliko watakavyomtazama Zedekiah, ndivyo tulivyo. Andika hivyo hivyo, jina lake lote, usiweke herufi moja moja.

Nimeyasema haya nikiwa na akili zangu, ni ya kweli kwa kadiri nilivyoona na kusikia mwenyewe, na sina la kuongeza wala la kuondoa.

Sahihi: P. A. Oduor

MAELEZO YA OFISA

Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa Kiswahili, lugha anayoielewa, akakubali kwamba ndivyo alivyosema, akatia sahihi mbele yangu. Mkuu wa kituo ameyasoma na kuagiza Bi. Kavata Nzuki aachiliwe, na Zedekiah Oduor aitwe kueleza kwa nini alisema uongo kwa maofisa.

Bi. Nzuki alipokuwa akirudishiwa simu na viatu vyake, nilimwuliza mbele ya shahidi kama ni kweli Zedekiah Oduor ndiye aliyempigia akitaka mfuko wake usitumike. Nilimweleza kwamba ameshaachiliwa na jibu lake halitamdhuru. Alijibu kwamba hana ruhusa ya kuzungumza juu ya mchangiaji yeyote. Kisha akamwuliza shahidi kama ameshapimwa.

Badala ya kumjibu, shahidi alinigeukia mimi, akataka neno moja liongezwe hapa ingawa ameshatia sahihi, nami nimeliandika alivyolisema: "Afande, umeona? Hata sasa anamtunzia mume wangu siri. Na mke ni mimi."

Koplo Maxwell Wafula